Washenga wa RNA

Tazama herufi hizi saba: GAGAACC. Zimo kwenye DNA ya Trypanosoma brucei, kimelea anayesambazwa na mbung'o, ndani ya jeni inayopaswa kutengeneza sehemu ya pili ya protini iitwayo sitokromu oksidesi. Ukiisoma jeni hiyo herufi tatu tatu, kama seli inavyosoma, unakwenda vizuri mpaka unapofika hapo. Kisha kila kitu kinavurugika. Mpangilio unateleza, na yanayofuata hayana maana yoyote.

Sasa tazama mahali hapohapo kwenye RNA, ile nakala inayopelekwa kutengeneza protini: GAUUGUAUACC. Herufi saba zimekuwa 11, na zilizoongezeka zote ni U, mojawapo ya herufi nne za RNA. U mbili zimepenya kati ya A na G, ya tatu kati ya G na A, ya nne kati ya A mbili. Soma tena tatu tatu: GAU, UGU, AUA, halafu CC inaungana na herufi inayofuata. Asidi aspatiki, sisteini, isoleusini, prolini. Protini imenyooka. U hizo nne hazimo kwenye jeni.

Kundi la Rob Benne huko Amsterdam ndilo lililochapisha jambo hili mwaka 1986. Wazo la kwanza linalomjia yeyote ni kwamba lazima kuna nakala nyingine ya jeni hiyo, iliyo nzima, imejificha mahali. Waliitafuta wasiikute. Wakahitimisha kwamba RNA inahaririwa ikishanakiliwa au wakati inanakiliwa. Miaka miwili baadaye maabara ya Kenneth Stuart, Seattle, ikaonyesha kwamba zile U nne zilikuwa mzaha tu. Katika ujumbe mwingine wa kimelea huyohuyo, ule wa sehemu ya tatu ya sitokromu oksidesi, U 547 zinaingizwa na 41 zinaondolewa. Zaidi ya nusu ya ujumbe uliokamilika haipo kwenye jeni yake. Hiyo jeni ni mifupa mitupu.

Mimi hukutana na kimelea huyu kazini, kwenye maabara ya mifugo. Damu ya ng'ombe inaingia kwenye mrija mwembamba wa kioo, inazungushwa kwa mashine, halafu mrija unakatwa pale pembeni ya utando mweupe unaokaa juu ya chembe nyekundu, na tone la hapo linawekwa chini ya hadubini. Ng'ombe akiwa mgonjwa, unaona chembe nyekundu zinasukumwasukumwa kabla hujamwona anayesukuma. Mara nyingi kwa ng'ombe huwa ni ndugu zake, T. congolense au T. vivax. T. brucei yeye hujipindapinda kwa vurugu lakini haendi mbali. Ukimtia rangi ya Giemsa unaona kiini katikati, na karibu na mwisho wa nyuma nukta ndogo nyeusi. Miaka mingi niliiona nukta ile kama alama ya kutambulia spishi tu: iko wapi, ni kubwa kiasi gani, basi, jaza fomu.

Nukta ile ni kinetoplasti, na ndiyo DNA ya mitokondria yake, kile kiungo cha seli kinachozalisha nishati. Tripanosoma ana mitokondria moja tu, ndefu, inayopita mwili mzima, na DNA yake imesongamana mahali pamoja: pete elfu kadhaa zilizopitana moja ndani ya nyingine. Pete kubwa ni chache, makumi tu, kila moja ikiwa na jozi za herufi kama 23,000, na ndizo zenye jeni za protini. Katika jeni hizo 18, ujumbe wa 12 hausomeki bila kuhaririwa. Pete ndogo ni maelfu, kila moja jozi 1,000 hivi, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua zina kazi gani. Mwaka 1990 kundi la Larry Simpson huko Los Angeles, likitumia Leishmania tarentolae, kimelea wa mijusi, lilikuta RNA fupi fupi zinazobeba maelekezo ya uhariri. Nyingi kati ya hizo hutoka kwenye pete ndogo. Hapa nitaziita RNA elekezi. Urefu wake ni herufi 50 hadi 60, na mwishoni zina mkia wa U tupu.

Mpango wenyewe kwa karatasi ni rahisi. RNA elekezi inajibandika kwenye RNA mjumbe kwa kipande kifupi cha herufi kama kumi zinazolingana. Mbele ya kipande hicho herufi zinaacha kulingana, na hapo ndipo ujumbe unapokatwa. Palipo na A au G kwenye RNA elekezi isiyo na mwenzake, U inaongezwa upande wa pili. Palipo na U ya ziada kwenye ujumbe, inaondolewa. Kisha pande mbili zinaungwa. Kazi inaanzia mwisho wa ujumbe kurudi mwanzo, na kila RNA elekezi ikimaliza sehemu yake huwa imemwandalia inayofuata mahali pa kujibandika. Vimeng'enya vya kukata, vya kuongeza, vya kuondoa na vya kuunga vimekaa pamoja kwenye mtambo mmoja wa protini, editosomu.

Vitabu vingi vinaishia hapo, na mihadhara mingi pia. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu huo mpango hauwezi kwenda wenyewe. Uti wa RNA ni fosfeti, na kila fosfeti ina chaji hasi. Sogeza RNA mbili pamoja, zinasukumana. Zaidi ya hapo, RNA elekezi haikai imenyooka ikisubiri. Imejikunja, herufi zake zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na ujumbe nao umejikunja vilevile. Una wageni wawili waliofunga milango, kila mmoja anamsukuma mwenzake, halafu unataka herufi kumi za huyu zikutane sawasawa na herufi kumi za yule, ndani ya mitokondria iliyojaa RNA nyingine chungu nzima. Kukata na kuunga ni kazi ndogo ukilinganisha na kuwakutanisha hao wawili.

Anayewakutanisha ni mshenga. Nasema mshenga kwa makusudi, maana sijapata mfano mwingine unaokaa vizuri hivi. Kwa RNA, washenga waliochunguzwa mapema ni protini mbili, MRP1 na MRP2. Maabara ya Ulrich Göringer nchini Ujerumani ilionyesha kwamba ukiziweka kwenye kichupa pamoja na RNA elekezi na ujumbe, kubandikana kunaharakishwa sana, ingawa protini hizo hazikati chochote wala haziungi chochote. Mwaka 2006 umbo lake lilichapishwa, kazi iliyoongozwa na Maria Schumacher. Molekuli nne, mbili za kila aina, zinakaa pamoja na kutengeneza uso mmoja wenye chaji chanya. RNA elekezi inalala juu ya uso huo uti wake ukiwa upande wa protini. Zile chaji hasi zinapozwa. Kipande cha kujibandikia, ambacho kwa kawaida kimejikunja, kinanyooshwa, na herufi zake zinatazama nje, wazi, tayari kusomwa na ujumbe unaopita.

Nilipoiona picha ile niliirudia mara nyingi. Kilichonivutia ni kwamba protini haisomi herufi hata moja. Imeshika mgongo, herufi imeziachia wenye shughuli yao. Kwa hiyo protini hizo mbili zinaweza kuhudumia RNA elekezi za kila namna, na ni bora iwe hivyo, maana kwenye aina moja ya T. brucei iliyosomwa kwa ukamilifu zimehesabiwa pete ndogo karibu 400 zinazotofautiana, kila moja na RNA elekezi zake kadhaa. Hakuna seli ingeweza kuwa na mshenga maalumu kwa kila posa. Na wawili hao wakishashikana, chaji zao zimesawazishwa, mshenga anaondoka zake. Ukimtafuta kwenye editosomu humkuti akiwa amekaa kama mwenyeji.

Kuna wa pili, RBP16, aliyechunguzwa sana na maabara ya Laurie Read, Buffalo, New York. Huyu anapenda ule mkia wa U wa RNA elekezi, na naye anasaidia kubandikana. Jambo la ajabu lilitokea walipompunguza ndani ya seli. Mtu angetarajia uhariri wote uzorote. Badala yake uhariri wa ujumbe wa sitokromu b ulikaribia kutoweka kabisa, huku ujumbe mwingine uitwao A6, unaohitaji kuhaririwa sehemu kubwa zaidi, ukiendelea kama kawaida. Ukiwaondoa MRP1 na MRP2, sitokromu b ndiyo inayoumia tena. Ujumbe huo unaongezwa U 34 tu, zote karibu na mwanzo. Ujumbe mdogo, mahitaji makubwa ya wasaidizi.

Hilo la sitokromu b si la kupuuza, kwa sababu ujumbe huo unahaririwa kimelea akiwa tumboni mwa mbung'o na hauhaririwi akiwa kwenye damu. Ndani ya mbung'o anahitaji mnyororo mzima wa upumuaji. Ndani ya damu kuna sukari ya bure, anaachana nao. Ujumbe wa baadhi ya sehemu nyingine unakwenda kinyume, unahaririwa zaidi kwenye damu. Jeni ni zilezile, RNA elekezi za sitokromu b zipo pande zote mbili. Kwa hiyo uamuzi wa kuhariri au kutohariri hauko kwenye maelekezo. Macho yanageuka kuwatazama wasaidizi.

Na wasaidizi ni wengi kuliko tulivyodhani. Kubwa lao ni kundi la protini linaloitwa RESC. Mbili kati yake, RESC1 na RESC2, zamani zikiitwa GAP2 na GAP1 na wengine wakiziita GRBC, zikiondolewa, RNA elekezi zinatoweka. Mitambo ipo, ujumbe upo, lakini maelekezo yameoza. Mwaka 2023 makundi ya Ruslan Aphasizhev wa Boston na Hong Zhou wa Los Angeles yalitoa picha za RESC zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali. Katika hali moja, RESC imeibana RNA elekezi ncha zote mbili, imejikunja, imelindwa, na haiwezi kutumika. Kisha mkusanyiko wa protini unabadilika, baadhi zinatoka nyingine zinaingia, RNA elekezi inakunjuliwa, ujumbe unachaguliwa, na wawili waliokwisha kubandikana wanachomoza nje ya RESC, pale ambapo editosomu inaweza kuwafikia na kukata. Kulinda na kukabidhi ni hali mbili za mtu mmoja.

Hata ndani ya editosomu yenyewe, kwa kila protini inayofanya kazi ya kemia kuna kadhaa zisizofanya. Vimeng'enya vya kukata ni vitatu: kimoja cha mahali pa kuondoa U, kingine cha mahali pa kuongeza, na cha tatu kinahitajika kwa ujumbe mmoja tu, uleule wa GAGAACC. Vyote ni wa ukoo ambao hufanya kazi kwa jozi, na wenzao kwenye jozi ni protini za ukoo huohuo zilizokwisha kupoteza uwezo wa kukata. Hazina meno. Lakini toa mmoja kati ya hao vibogoyo, KREPB4 au KREPB5, na editosomu inasambaratika. Nimewahi kuona michoro ya uhariri ambamo protini hizi hazina hata jina, ni vimviringo vya kijivu nyuma ya kimeng'enya chenye rangi.

Swali ambalo kila mtu huuliza nikimsimulia haya ni moja: kwa nini? Kwa nini kiumbe ajiwekee jeni mbovu halafu awe na kiwanda cha kuzirekebisha? Jibu ninaloliamini zaidi lilitolewa na Patrick Covello na Michael Gray mwaka 1993, na wengine, akiwemo Julius Lukeš wa Jamhuri ya Czech, wameliendeleza. Linageuza swali kichwa chini. Hakukuwa na jeni mbovu zilizotafuta msaada. Msaada ulitangulia. Protini za kushika RNA, za kuongeza U, za kuunga, zilikuwepo tayari kwa shughuli nyingine. Kwa kuwa zilikuwepo, herufi ilipodondoka kwenye jeni haikuua, ilirekebishwa. Ikadondoka nyingine. Kila kosa lililovumiliwa likawa deni, na madeni yalipofika mia kadhaa hapakuwa na njia ya kurudi, kwa sababu kuzirudisha herufi zote kwa bahati moja haiwezekani. Hakuna faida iliyotafutwa. Wapo wanaopinga, wanaosema uhariri unamsaidia kimelea kutunza jeni asizozitumia kwa wakati huo, au kupata protini tofauti kutoka jeni moja. Yawezekana. Lakini kwangu nadharia ya deni inaeleza vizuri zaidi kwa nini wasaidizi ni wengi namna hii na kwa nini hakuna mmoja anayeachika.

Au tuseme, karibu hakuna. Surra, ugonjwa wa ngamia unaofahamika vizuri na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, unaletwa na T. evansi, ambaye ni T. brucei aliyechoka na mambo yote haya. Amepoteza pete zake kubwa, na baadhi yao wamepoteza kinetoplasti yote. Hana cha kuhariri. Kwenye damu, kitu kimoja kilichohaririwa ambacho T. brucei hawezi kukikosa ni kile A6, kipande cha mtambo wa ATP unaoipa mitokondria umeme wake. T. evansi ana badiliko kwenye kipande kingine cha mtambo huo, kinachoitwa gama, ambacho jeni yake iko kwenye kiini, na kwa badiliko hilo anaweza kuishi bila A6. Gharama yake ni kwamba hawezi tena kuishi ndani ya mbung'o. Anasafirishwa na nzi wengine wanaouma, kwenye midomo yao tu, na ndiyo maana amefika mahali ambapo mbung'o hajawahi kukanyaga, Asia mpaka Amerika Kusini.

Mzee mmoja mfugaji aliwahi kuniuliza kuhusu sindano nyekundu, isometamidiamu, ile inayochomwa ndani kabisa ya msuli wa shingo na kumkinga ng'ombe miezi miwili mpaka minne.

"Daktari, hii dawa zamani ilikuwa na nguvu. Siku hizi mbona ng'ombe anachomwa na anarudi kuumwa?"

"Mzee wangu, mimi si daktari, ni wa maabara."

"Wewe ni daktari tu, mwanangu. Jibu."

Nilimjibu yale ya kawaida, ambayo ni kweli: dozi inayopunguzwa ili ienee kwa ng'ombe wengi, maji yasiyo safi, dawa bandia sokoni. Sehemu nyingine ya jibu sikujua namna ya kumweleza pale zizini. Isometamidiamu hujikusanya kwenye kinetoplasti na kuiharibu. Vilevile homidiamu, dawa nyingine ya nagana, yaani ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na tripanosoma, ambayo kwa jina la maabara ni ethidiamu, ileile tunayofundishwa tusiiguse bila glavu kwa sababu inajipenyeza kwenye DNA. Dawa hizi zinafuta zile pete, na zikifutika hakuna RNA elekezi, hakuna uhariri, hakuna A6. Katika maabara imeonyeshwa kwamba T. brucei aliyewekewa badiliko moja kwenye gama, kama la T. evansi, anaishi bila kinetoplasti na anazivumilia dawa hizi kwa kiasi kikubwa.

Kwa sababu hiyo nina mashaka na shauku ya kutengeneza dawa mpya ya nagana inayolenga uhariri wa RNA. Tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba T. brucei wa kwenye damu anakufa akinyimwa KREL1, kimeng'enya kimoja cha kuunga, na watu wengi wamekuwa wakitafuta kemikali ya kukizuia. RESC1 na RESC2 zinavutia zaidi bado, kwa kuwa binadamu na ng'ombe hawana protini zinazofanana nazo. Kwenye makaratasi ni shabaha safi. Lakini kwa ng'ombe, mlango wa nyuma uko wazi na T. evansi alishaupita. Malale ya binadamu nayo yanapungua kwa njia nyingine: Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 kuwa imeyaondoa kama tatizo la afya ya umma, na kwa aina ya gambiense ya Kongo sasa kuna vidonge vya feksinidazoli mahali ambapo zamani palikuwa na melarsoproli, dawa ya aseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 20 waliochomwa.

Mahali ambapo ningewekeza fedha, kama ningekuwa nazo, ni kwa Leishmania. Naye anahariri, ana RNA elekezi, na protini zinazolingana na RESC anazo. Tofauti ni kwamba yeye anaitegemea mitokondria yake kwa nishati hata akiwa ndani ya mwili wa mtu, kwa hiyo badiliko dogo la gama haliwezi kumwokoa kirahisi. Kala-azar, ugonjwa unaoletwa na Leishmania, ipo Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, ipo Sudan na Ethiopia, na tiba ambayo imetumika ukanda huu tangu 2010 ni sindano mbili kila siku kwa siku 17, moja ya antimoni na nyingine ya paromomisini. Wengi wa wanaochomwa ni watoto.